Uliniomba Mara Moja Tu

Mheshimiwa Diwani, Padre wetu, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi huu wa kijiji chetu cha Mín na gCloch, ndugu wageni mliotoka Dublin na ngoma zilizojaza jukwaa letu, majirani zangu, na wewe Muireann, binti wa marehemu kaka yangu, uliyejibanza nyuma ya pazia ukidhani sikuoni: habari za jioni.

Nimepewa dakika chache. Mheshimiwa Diwani ameshakula zake na zangu, kwa hiyo asinikimbize mtu.

Leo tunazindua albamu ya kwanza ya Muireann. Hakuna kampuni iliyomsaidia. Amejirekodi mwenyewe katika banda kuukuu la ng'ombe la baba yake, madirisha kayaziba kwa magodoro, na mkisikia ng'ombe katika wimbo wa pili msishangae, ni wa jirani yetu Fiachra, hawana adabu. Mliokuja mazoezini jana mnajua anavyoimba. Anaanza kwa kunong'ona kama mtu anayeungama, halafu gitaa linapanda, mishipa ya shingo inamtoka, na wewe uliyekaa mbele hujui uangalie wapi. Síle wa posta aliniambia, "Nábla, nimelia mpaka nikaona aibu, na wala sijui nilikuwa namlilia nani."

Sasa, albamu inaitwa "Uliniomba Mara Moja Tu". Na ninyi kwa umbea! Wiki nzima dukani kwangu swali ni hilo hilo. "Kijana gani huyo aliyemwomba mara moja?" "Si yule fundi bomba?" Jamani, fundi bomba wa watu ameacha hata kuja kununua maziwa! Hakuna kijana. Muireann ameniruhusu niseme, ndiyo maana nimesimama hapa.

Nani kati yetu asiyejua adabu ya kuimba hapa kwetu? Ukiombwa wimbo, unakataa. Koo linakuwasha, maneno umeyasahau, yupo anayekushinda. Unaombwa tena, unakataa tena, mpaka mtu anakuja kukushika mkono, na hapo unafumba macho na kuimba, maana tangu mwanzo ulikuwa unataka. Anayeimba kwa ombi la kwanza tunamwona hana haya. Kaka yangu Conall, ambaye sauti yake wote mnaikumbuka, alikuwa akibembelezwa mpaka chai inapoa.

Conall hakulipenda gitaa. Alisema linamkatiza mtu maneno. Kwa miaka mingi baba na binti waliongea habari za mvua na kondoo, basi. Kisha akaugua, na jioni moja mwezi wa pili, Muireann akiwa ameketi kando ya kitanda, akamwambia, "Hebu niimbie moja ya hizo zako."

Mtu mgumu kama yule! Na Muireann, aliyelisubiri neno hilo tangu utotoni, akajibu kama alivyolelewa na baba huyo huyo. "Aa, baba, koo linaniwasha leo." Akangoja.

Conall akaomba maji. Asubuhi Muireann akarudi Dublin kazini.

Nilipompelekea supu, kaka yangu akaniambia, "Nilimwomba, Nábla. Amekataa."

"Wewe mzee, tangu lini hapana ya kwanza ikawa hapana?"

"Hayo ni yetu sisi. Hawa wa magitaa huenda wakisema hapana ni hapana kweli. Sikutaka kumlazimisha."

Nikamwambia asubiri Jumamosi, binti akija amwombe tena. Akacheka, akasema atajaribu. Jumamosi Muireann alifika akamkuta kwenye jeneza sebuleni.

Siku ya maziko, jikoni, aliniuliza, "Shangazi, kwa nini aliniomba mara moja tu? Angekuwa anataka kweli, si angenibembeleza?" Nikamweleza yote. Kama nilifanya vyema, mpaka leo sijui. Kinachoniuma, ndugu zangu, ni kwamba kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake. Wangegombana siku ile, angalau wangesikilizana. Najuta kwa niaba yao wote wawili.

Wimbo wa mwisho katika albamu ndio huo aliotaka kumwimbia baba yake. Ameniambia usiku huu hatauimba. Nami nazijua tabia zetu: mtagonga meza, mtaita jina lake, na Fiachra atapanda jukwaani kumshika mkono. Kaa chini, Fiachra! Nawasihi, msifanye hivyo. Akisema hapana, iwe hapana. Mwenye haki ya kumbembeleza hayupo, na ukumbi mzima tukipiga kelele mpaka asubuhi, hatuwezi kumfanyia kazi hiyo.

Mheshimiwa Diwani, Padre, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunisikiliza. Muireann, mwanangu, njoo. Mpigieni makofi, kisha mumwache.