Nani Anauanzisha Wimbo wa Mwalimu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu ulioegemezwa kwenye ukuta wa kiwanda cha nyuzi kilichofungwa zamani, na mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu, maana ukicheka sana unaanguka. Upande huo ni wa Besi, mzee aliyekuwa mpakiaji pale kiwandani na mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya wafanyakazi. Kazi iliisha, kwaya ikaisha, jina likabaki. Mbele yake huketi Mama Kahawa na birika lake, naye enzi hizo aliimba sauti ya kwanza. Wa tatu ni kinyozi wa jirani, sauti ya tatu, ambaye huitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kuwa kuna jambo asilolijua. Alasiri ile alikuja mpwa wa Besi, binti wa dada yake aliyeimba sauti ya pili, kompyuta kaikumbatia kifuani, uso umemshuka. Kazi ya binti huyu ni kuandika maelezo ya kutumia programu: unaandika herufi za kawaida tu, yenyewe inazigeuza kuwa nota za muziki.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wote.

— Marahaba. Mbona umenuna hivyo? alisema Besi.

— Maelezo yanatakiwa kesho, mjomba, na mkubwa wangu kasema hayaeleweki. Hebu nisikilizeni ukurasa wa kwanza. "Kabla ya kuendesha kichakataji, mtumiaji ahakikishe kuwa faili la chanzo limekidhi kanuni zote za sintaksia."

Mama Kahawa akaangalia birika, Profesa akaangalia angani.

— Hapo umemtukana mtu, Profesa akasema. Sijui nani, ila namwonea huruma.

— Mwanangu, hiyo programu au hukumu ya mahakama? akauliza Mama Kahawa.

— Ndiyo lugha ya kazi, mama.

— Basi kazi yenu ina kiburi.

Binti akacheka bila kupenda. Akawaonyesha karatasi nyingine iliyopigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

— Na hiki kifungu kakikata chote. Kinaeleza jinsi ya kuacha vyumba vitupu mwanzoni mwa ukurasa. Hivi hapa, vilivyotengwa kwa vijistari vya kusimama, ndimo nota zinamokaa. Kanambia, "Nani ataandika wimbo usio na nota? Futa."

— Hapo yuko sahihi, alisema Profesa. Chumba kitupu cha nini? Ila mimi ningefuta vyote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Programu nzuri haihitaji maelezo. Mashine yangu ya kunyolea ilikuja na kijitabu kinene, nikakitupa siku ileile.

— Ndiyo maana wateja wako wote wanavaa kofia, akasema Mama Kahawa.

— Uzushi!

— Mimi nasema uanze na onyo, Besi akaingia. Kama dawa. Usitumie ukiwa na njaa. Weka mbali na watoto.

— Onyo linafukuza watu, mzee, alisema Profesa. Sikiliza, binti. Andika nusu. Nusu nyingine ifiche. Mtu akikwama atakupigia simu usiku na mchana, mtazoeana, mtakuwa ndugu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

— Kwa hiyo yeye ndiye amtie kwenye hiyo dhiki? akauliza Mama Kahawa.

— Lazima mtu aanze! Au tuseme hivi: maelezo yasiandikwe kabisa. Yaimbwe. Mtu akinunua programu, anatumiwa waimbaji wanne mlangoni. Akikosea herufi, besi inanguruma mpaka asahihishe.

— Na mishahara?

— Haraka haraka haina baraka, Mama Kahawa. Kwanza waimbe.

Besi alicheka hadi tofali likayumba, akashika ukuta. Mama Kahawa hakucheka. Alikuwa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari.

— Mwalimu angeanza na mwisho, alisema.

Hapo mzaha ukaisha. Mwalimu wao hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa karani wa stoo kiwandani, mtu mfupi mwenye kalamu sikioni, na kwaya aliifundisha mlemle stoo, waimbaji wamekaa juu ya marobota ya pamba. Hakufundisha wimbo kuanzia mwanzo hata siku moja. Alikupa mstari wa mwisho, ukiushika anakupa ule unaoutangulia, hivyohivyo kurudi nyuma. Alisema mtu anayeijua nyumba anakokwenda hababaiki njiani. Na kwa kuwa zamu za kazi zilipishana, kila sauti ilikuwa na siku yake ya mazoezi. Wote walikutana wimbo ukishakamilika. Besi alikuwa akitoka kupakia mgongo unamuuma, lakini akishasikia ule mkono mdogo wa Mwalimu unapiga meza mara moja, maumivu yote yanamtoka. Hakuna kitu alichokipenda maishani kama ile stoo, na hakuona aibu kujiambia hivyo.

— Ngoja kwanza, alisema binti, macho yamemfunguka. Yaani nimwonyeshe mtu ukurasa wa nota uliokamilika, halafu nimwambie: huu umetokana na herufi hizi hapa. Aone nyumba kwanza.

— Sasa unaongea Kiswahili, alisema Profesa.

— Nahitaji wimbo wa mfano. Mfupi.

Besi akakohoa. Jambo hili alikuwa amelingojea miaka mingi bila kujua litakuja kwa njia ya kompyuta.

— Chukua ule wa mwisho wa Mwalimu.

Alilisema kama mtu asiyejali, lakini kikombe alikiweka chini. Wimbo ule Mwalimu aliutunga mwenyewe, akaugua, akaondoka kabla kwaya haijakutana kuuimba wote. Siku ya maziko kilio kilizidi, hakuna aliyeuanzisha, wakaimba mistari mitatu ya mwisho tu. Mwanzo wake Besi hakuujua. Alijua tu kwamba besi kwa kawaida huchelewa kuingia. Bila shaka sauti nyingine zilikuwa na sehemu yao kabla. Kumwuliza mwenzake aliona aibu, maana mwimbaji asiyejua wimbo wake unaanzaje ni mwimbaji gani? Leo, alijiambia, watauimba wenyewe, nami nitausikia kabla sijafa.

— Mama alishaniimbia sauti ya pili ya wimbo huo nyumbani, alisema binti. Ninayo humu. Nyinyi nipeni zenu, mmoja mmoja, mistari mitatu ya mwisho kwanza, kama Mwalimu.

Wakaimba. Mama Kahawa sauti imekwaruza lakini haijapotea. Profesa alifumba macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza kitu. Besi akamalizia, taratibu. Binti akawa anagonga herufi, kila sauti na safu yake, safu nne zimepangwa. Wakati huo alikuwa amefika fundi wa friji mwenye sanduku la vifaa, mgeni pale, akaomba kahawa na kukaa pembeni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Profesa akampokea. Maana yake, mgeni ndiye ananunua kahawa.

— Sio maana yake hiyo, alisema Mama Kahawa, akimmiminia.

Binti akabonyeza. Kwenye kioo zikatokea nota, sauti nne zimepandana kama ngazi, kisha kompyuta ikaanza kuzipiga. Mistari mitatu. *Fungua, ni sisi, tumerudi.* Ikaisha.

Fundi wa friji akashusha kikombe.

— Mzuri. Ila huo unasikika kama mwisho. Sasa, nani anauanzisha?

— Sauti ya kwanza, alisema Besi upesi. Wanawake wanaanza, sisi tunafuata.

— Sisi? Mama Kahawa akashtuka. Sisi tunawangoja nyinyi! Mwalimu alitufundisha mistari mitatu hii, akasema mingine inakuja. Nikajua wanaume ndio wanaanza.

— Profesa? akauliza Besi.

— Mimi... Profesa akajikuna kichwa. Nilijua ni wa sauti ya pili.

Wote wakamgeukia binti. Akatikisa kichwa.

— Mama kanipa mistari hii mitatu tu. Kasema mwanzo ni wa besi.

Fundi wa friji akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaona kuwa ameuliza kitu kisicho chake, akainamia kikombe. Mama Kahawa akainua birika ajaze vikombe, kikatoka kijitone kimoja. Kahawa imeisha.

Besi akaelewa. Miaka yote hiyo kila mmoja alimwachia mwenzake mwanzo ambao hakuna aliyepewa. Mwalimu alianza na mwisho kama kawaida yake, na mwanzo hakuwahi kuufikia.

— Basi haupo, alisema Besi.

— Upo, akajibu Mama Kahawa. Kaondoka nao.



Binti akavuta ile karatasi yenye mstari mwekundu, akainyoosha juu ya goti, akaanza kugonga tena polepole. Mwanzoni, kabla ya mistari ile mitatu, vikatokea vyumba vitupu, sauti zote nne, vyeupe.

— Nikiache hiki kifungu, mjomba? Nitaandika hivi: "Kama hujui mwanzo, acha vyumba vitupu, kisha andika unachokijua."

— Hiyo nimeielewa, alisema Besi. Hata mkubwa wako ataielewa. Viache vingi vya kutosha. Mwalimu hakupenda kuharakishwa.

Binti akabonyeza. Kompyuta ikaanza kuhesabu vyumba vitupu, kimya, kimoja baada ya kingine. Besi akajikuta ameketi wima kwenye upande wa tofali, kidevu juu, akiusubiri ule mkono mdogo upige meza. Aliposogeza macho aliwaona Mama Kahawa na Profesa nao wameketi vilevile. Vyumba vikaisha, wote watatu wakavuta pumzi na kuingia pamoja.