Maziwa Niliyoyakataa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe tena na tena, aliyenisimamisha hapa leo na mtoto mgongoni. Mnanijua kwa maneno mengi, lakini ushuhuda huu umenishinda miezi mitatu, kwa sababu kila nikianza nalia. Leo nitajikaza. Na mama mkwe ameketi pale mbele akiniangalia, kwa hivyo siwezi hata kuongeza chumvi.

Nilipoolewa hapa karibu na Kapkatet nilikuwa na nguvu ya kuchuma chai tangu alfajiri mpaka saa saba bila kuketi. Nyumbani kwa mume wangu kulikuwa na ng'ombe wanne, na nikakabidhiwa aliye bora, Chelel, jina ambalo kwetu maana yake ni mweupe, na kweli alikuwa mweupe. Nilimkamua asubuhi na jioni. Mama mkwe alinijazia kikombe pale pale zizini, maziwa yangali na povu. Alikuwa akisema, "Kunywa, mama. Ya kuchemsha ni ya wagonjwa." Nanyi mnajua, kwetu mtu hakatai maziwa. Ukiyakataa, umemkataa mwenye boma.

Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi mitano. Nililia, nikanyamaza, nikapata nyingine. Nikiwa na hiyo ya pili, Chelel naye akatupa ndama kabla ya wakati. Mume wangu alikuwa kazini kiwandani, basi nikakunja mikono ya sweta, nikamvuta ndama yule mfu, nikatoa na kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Majirani wakanisifu kwamba mke huyu ni wa kazi, nami nikavimba kichwa. Wiki chache baadaye mimba yangu ikatoka pia. Ndugu zangu, sitaki kuwaeleza siku ile.

Hapo maneno yakaanza. Ng'ombe anatupa, mke anatupa, boma hili lina mkono wa mtu! Mimi nikajipa jibu upesi: ni Mama Joyce, jirani yetu ng'ambo ya ua, kwa sababu aliwahi kusifu kiwele cha Chelel. Nikaacha kumsalimu. Nilifunga siku tatu bila chakula nikimwomba Mungu ampige. Mungu hakumpiga. Namshukuru kwamba maombi mengine huyaacha tu yapite.

Wakati huo wote nilikuwa na homa iliyokuja jioni na kuondoka, viungo vikiuma kama vya ajuza. Nilisema ni malaria, nikameza dawa za dukani. Mwishowe mume wangu akachoka kunisikia nikilalamika, akanipeleka kliniki. Sista pale akaniuliza, "Mnafuga?" Nikasema ndiyo. "Kuna ng'ombe ametupa ndama?" Nikadhani nimekutana na nabii. Kumbe ni swali analouliza kila siku.

Akanitoa damu, na majibu yalipokuja akaniketisha chini. "Hakuna aliyekuroga, mama. Ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe. Unaingia kwa maziwa mabichi, na kwa kushika uchafu wa ng'ombe aliyetupa." Basi! Miaka miwili ya kumchukia Mama Joyce, na adui yangu nilikuwa nampokea kwa mikono miwili asubuhi na jioni.

Mume wangu naye alikutwa nao, tukameza dawa kwa wiki nyingi mpaka tukamaliza. Daktari wa ng'ombe akapima zizi lote, na Chelel akaondolewa asiambukize wengine. Nilimlilia ng'ombe yule. Nikaenda kwa Mama Joyce nikamwambia yote, hata ile mifungo. Akasema, "Na mimi nilidhani umenikasirikia kwa sababu ya kuku wangu." Akanipikia chai.

Bwana akanipa mimba ya tatu. Na hapo ndipo vita vyenyewe vilipokuwa, ndugu zangu. Asubuhi moja mama mkwe, ambaye maneno ya kliniki hayakumwingia, akaja na kikombe, maziwa mabichi, uso umejaa upendo. Nikaomba moyoni, nikasema, "Mama, nisamehe. Sitakunywa mpaka yachemke." Akaweka kikombe chini, akaenda zake. Hakukanyaga kwangu mwezi mzima. Mume wangu akaniuliza kwa nini nimemkataa mama yake. Nikamjibu, "Nimekataa kuzika mtoto wa tatu." Na siku ng'ombe mwingine alipozaa, ni mume wangu aliyeingia zizini, mikono ameifunga mifuko ya plastiki, na kondo akalifukia chini kabisa.

Mwezi wa tano ukapita. Wa sita, wa saba. Nilihesabu kila asubuhi na kusema asante. Chepchumba akazaliwa hospitalini, akipiga kelele mpaka wodi nzima ikaamka. Asubuhi yake nikamwona mama mkwe mlangoni na thamosi. Akamimina, akasema, "Nimeyachemsha mpaka yakapanda mara tatu. Sasa kunywa." Nilikunywa nikilia, na yeye akilia.

Dada yangu uliye na mimba hapa leo, mtumaini Mungu, na umtumaini kwa sufuria motoni. Homa usiipe jina wewe mwenyewe. Jumanne naenda kliniki, tutafuatana. Na ukiletewa kikombe kibichi, ukiogopa kumkosea mtu, sema ni mimi niliyekukataza. Lawama hiyo nipeni mimi, nyinyi mlete watoto hai.