Dole Gumba la Sekunde na Manjano ya Dada

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye kibanda cha fundi saa, na nyuma yake unapita mtaro. Fundi huyo wanamwita Sekunde, kwa kuwa hajawahi kufanya jambo lolote haraka. Kulia kwake hukaa Bomba, fundi wa mabomba. Kushoto Waya, fundi umeme. Na mbele yao Mama Birika na jiko lake la mkaa, anayewamiminia kahawa na kuwasuta wote watatu bila upendeleo. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu: dole gumba la Sekunde. Wiki tatu nyuma lilikuwa limevimba fundoni kama kitunguu, hata bisibisi ya saa haishikiki. Sasa lilikuwa jembamba, linapinda na kunyooka, na kila aliyefika aliamriwa alitazame.

— Hebu lipinde tena, alisema Bomba.

Sekunde akalipinda.

— Jamani! Na hayo yote ni manjano tu?

— Manjano na pilipili manga, Mama Birika alimsahihisha. Dada yake anatwanga, anachemsha, anamletea kwenye chupa kila asubuhi. Si ndiyo, Sekunde?

— Dada analeta, ndiyo, alijibu Sekunde, akaiinamia saa aliyokuwa ameifungua.

Hilo halikuwa uongo. Alikuwa amelipima mara mbili kabla ya kulitoa mdomoni. Lakini mtu anayepiga magoti kila alfajiri hatakiwi kuchagua maneno yenye mlango wa nyuma. Sekunde alilijua hilo, na alijua kwamba Mungu naye analijua.

— Mimi nitawaeleza inavyofanya kazi, alisema Bomba, akiweka kikombe chini. Mwili ni mabomba. Uvimbe ni nini? Ni bomba limeziba, maji yamekosa pa kwenda, yanajaa hapo hapo. Manjano inapita inazibua. Basi.

— Unazibua kidole? Waya aliuliza. Uchafu unatokea wapi?

— Unateremka. Unashuka mpaka miguuni, unatokea kwenye visigino. Wewe unadhani visigino vinapasuka kwa nini?

— Bwana wee, nenda ukazibue masinki ya watu. Uvimbe unakuwaje ukiushika? Si wa moto? Kitu chochote kinachopata moto bila sababu, hiyo ni shoti. Manjano ni fyuzi. Inakata, moto unapoa.

— Fyuzi ya kunywa!

— Sikiliza kwanza. Waya wa ethi una rangi gani? Si una njano ndani yake? Unadhani waliichagua hivi hivi? Njano inapeleka shoti ardhini. Ndiyo maana dawa hii ukiinywa umevaa viatu, umejisumbua bure.

— Inanywewa peku?

— Peku kabisa. Na ardhi iwe na unyevu kidogo.

Sekunde alitaka kucheka, kama alivyocheka siku zote. Kicheko kikamkwama. Mama Birika alikuwa amevua ndala, ameweka nyayo zake chini taratibu, na magoti yake mawili yamevimba, yanang'aa kama birika lake.

— Mama, unafanya nini? Sekunde aliuliza.

— Najizoeza. Kesho dada yako ananianzishia chupa yangu, nimeshamwomba. Vile vidonge vya kliniki nimeviacha tangu juzi, nimevitia kwenye kopo la sukari la zamani. Vya nini tena, nami nimekiona kidole chako kwa macho yangu?

— Vidonge umeviacha?

— Si wewe umeacha vyako?

Sekunde hakuwahi kuwa na vidonge. Alirudisha kioo chake cha kukuzia jichoni ili apate pa kujificha, na kupitia kioo kile parafujo moja ya saa ikawa kubwa kama jiwe la kusagia.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja wa makamo, mgeni kijiweni, amevaa saa ya kiume iliyosimama. Alitaka betri. Sekunde akaipokea saa, mgeni akapewa nafasi benchini na kikombe cha kahawa, na kabla hajakinywa alishaonyeshwa dole gumba, akasimuliwa mabomba, fyuzi, visigino na ethi. Alisikiliza yote bila kumkata mtu kauli. Kisha akamgeukia Sekunde.

— Pole, fundi. Ulikuwa unakunywa manjano kabla ya kula au baada ya kula?

— Kabla, alisema Bomba.

— Baada, alisema Waya.

— Nimemwuliza mwenye kidole.

Wote wakamgeukia. Mama Birika alikuwa ameinama mbele, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayetaka kulishika jibu lisianguke. Lilikuwa neno moja tu, na lolote kati ya yale mawili lingetosha. Sekunde akaitua saa ya mgeni mezani.

— Sijui, alisema.

— Hujui vipi? aliuliza Bomba. Siku zote hizo!

— Sijui kwa kuwa sijawahi kuinywa. Hata tone. Siku ya kwanza ilimwagikia uso wa saa ya mteja, ukageuka njano, nikakasirika. Na ile harufu, Mungu anisamehe, tumbo langu haliiwezi. Nikawa naimwaga mtaroni, dada akija namrudishia chupa tupu namwambia asante.

Bomba aliinuka, akachungulia nyuma ya benchi.

— Jamani, njooni muone! Mtaro umekuwa njano kama biriani ya harusi!

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Birika alikuwa hacheki. Alikuwa anatafuta ndala zake kwa miguu, na hazipati.

— Sekunde, mimi nakumiminia kahawa mwaka wa tisa, alisema kwa sauti ndogo. Magoti yangu yangeharibika, ungesema nini?

— Nisingekuwa na la kusema, mama. Nisamehe. Nilipenda mlivyokuwa mnakitazama kidole changu.

Ilikuwa kweli, na aliposikia ameitamka aliona aibu na nafuu kwa pamoja.

— Basi kilipona na nini? aliuliza Waya.

— Dada alichukua sanduku langu la vifaa, akalifungia kabatini kwake siku kumi na mbili. Labda ni kupumzika tu.

— Mimi nauza kwenye duka la dawa, alisema mgeni. Ndiyo maana ulimi wangu umezoea swali lile. Manjano si ya kudharau, jamani. Mwili ukiumia unapiga kelele kuita damu na maji pale palipoumia, ndio uvimbe huo. Ndani ya manjano kuna kitu kinachotuliza ile kelele. Ila ukimeza, kinachopita tumboni ni kidogo sana. Pilipili manga inakisaidia kipite, dada yako hakukosea. Kinatosha kwa magoti ya mama? Wataalamu wenyewe bado wanapima. Mama, vitoe vidonge kwenye kopo, kisha umwulize daktari wako kama manjano inakaa navyo vizuri.

Mama Birika alimpigapiga Sekunde begani, kwa nguvu iliyokuwa nusu ya kofi, akasema anakwenda kwenye kopo lake. Hakufika mbali. Dada alikuwa anakuja kwa mwendo wake ule ule, chupa kwapani, kwani hata kidole kilipopona hakuwa ameacha kuileta.

Sekunde alisimama.

— Dada, nina neno la kukuambia.

— La mtaro?

— Unajua?

— Mdogo wangu, mimi napita nyuma huko kila siku. Kwenye mtaa huu wote, mtaro wenu ndio peke yake haujavimba.

Benchi lilitikisika kwa kicheko, na Mama Birika ndiye aliyeanza. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika lile dole gumba, analipindisha na kulinyoosha.

— Ulidhani sanduku nililifungia kwa nini? Nakujua tangu unatema uji.

— Na chupa uliendelea kuleta?

— Niliendelea kuleta.

Sekunde aliipokea chupa, akaifungua, harufu ikampiga usoni. Akavua viatu. Akauliza, na safari hii alitaka kujua kweli:

— Dada, hii ni kabla ya kula au baada?

— Kunywa kwanza, alisema dada, akakaa mahali pa Bomba kumtazama mpaka tone la mwisho.