Bi Mafungu na Sekunde Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, kaka mkubwa wa marehemu anawasomea haya huku mwenyewe haamini, maana Jumapili iliyopita tu marehemu alikuwa jikoni akimcheka anavyomenya viazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 2004, na tarehe 1 Februari 2005 akaajiriwa kwenye ofisi inayosimamia mitambo ya hospitali, kwenye programu inayofuatilia kila mashine kwa kompyuta.

Programu hiyo ilipokea taarifa za mashine maelfu, ikaziandika kwenye kumbukumbu moja moja, kila moja ikisubiri jibu ndipo ifuate nyingine, hata foleni ikafika dakika arobaini, mashine imeshazimika na kioo cha kompyuta bado kinasema nzima. Mkuu wake alimwambia haba na haba hujaza kibaba, naye akamjibu kwamba kibaba kikijaa mgonjwa ameshakufa hakina kazi. Kwa wiki saba aliiandika upya programu ile izifunge taarifa hizo mafungu ya elfu elfu, kila fungu likaandikwa kwa mkupuo, na dakika arobaini zikawa sekunde kumi na moja. Wenzake wakamwita Bi Mafungu. Kaka yake aliiita kazi ya kubonyezabonyeza, na leo anaona haya.

Alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu tarehe 15 Desemba 2007, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 2 Juni 2009, ambaye yuko shule ya bweni.

Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025 alibanwa na homa ya mapafu, akalazwa, akawekewa oksijeni. Jumanne saa kumi alasiri mashine ya oksijeni ya wodi ile ilizimika, kaka yake akiwa ameketi pembeni, na kabla hajainuka kwenda kuita muuguzi, fundi wa zamu aliingia mbio na mtungi. Fundi alisema kengele ya programu ile imelia chumbani kwao papo hapo, bila kujua kitandani yupo nani.

Jumatano binti alifika, akamkuta mama yake ana pumzi, wakashikana mikono siku mbili. Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na fundi yule. Pumzika, dada, binti yako alikuwahi.