Kinu Kisichofungwa Kamba

"Marehemu hafungwi kama gunia la mpunga, dada! Tutachekwa mpaka Katumba."

"Tutachekwa? Basi mwacheni acheze humo nyuma, Enoka. Si ndivyo mlivyokiacha kinu kicheze?"

Mchungaji, wazee, ndugu, majirani na nyie nyote mliokuja kutufariji hapa Misunkumilo, maneno hayo yamesemwa saa moja asubuhi ya leo, Jumatano tarehe 2 Julai 2025, nyuma ya pikapu iliyoegeshwa hapo nje kubeba jeneza, kati ya baba yangu mdogo Enoka na shangazi yangu Getrude, na kwa kuwa wengi wenu mmeyasikia, nimeona niyaweke mwanzo wa historia hii badala ya kujifanya hayakusemwa. Mimi naitwa Providence, ni mtoto wa marehemu, nina miaka kumi na saba, na ukoo umenipa karatasi hii nisome kwa sababu ndimi niliyefanya kazi na baba miaka yake miwili ya mwisho. Nikikosea neno mnisamehe, shule yangu iliishia kidato cha pili.

Marehemu baba yetu, Arcade Severini, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 katika makazi ya Katumba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Severini na bibi yetu Odeta, ambaye tuko naye hapa, amekaa kwenye mkeka upande wa kichwa cha jeneza. Wazazi wake walifika Katumba wakitokea Burundi, wakapewa pori, wakalifyeka kwa panga na shoka, na katika mninga wa kwanza mkubwa walioukata babu alichonga kinu, na katika kinu hicho bibi alitwanga mihogo iliyowalea watoto wote sita. Naomba mkikumbuke kinu hicho, kwa maana kitarudi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1985 hapo hapo Katumba na kumaliza la saba mwaka 1991, hakuchaguliwa kuendelea, akalima na babu kwa miaka miwili, kisha mwaka 1993 akaja Mpanda mjini kubeba mizigo stesheni ya treni. Kutoka stesheni alihamia stendi, akawa mpakiaji wa malori, mwaka 2004 akapata leseni ya udereva, na mwezi Mei 2012 akapata gari lake mwenyewe, Noah nyeupe yenye keria ya chuma juu, ambayo wengi wenu mmeipanda kwenda Sitalike, Kibaoni na Usevya. Mwaka 2014 alipokea cheti chake cha uraia wa Tanzania, akakiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaufungia ndani ya dashibodi ya gari kwa mpira wa tyubu, maana hata karatasi hakupenda icheze.

Ndivyo alivyokuwa. Gunia la mahindi, betri, mashine ya kusaga na chochote kizito alikilaza chini kabisa kwenye buti, kimeegemea mgongo wa kiti, wala hakukubali mzigo wa nyuma upite kimo cha kiti hata kwa upana wa kidole, na kule juu kwenye keria aliweka vitu vyepesi tu, magodoro, vikapu na ndoo tupu, akavitandaza sawa kushoto na kulia, akavifunika turubai, akafunga kamba kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa msalaba. Mtu hakumpandisha juu hata kwa safari ya mita mia, alisema juu ya gari si ghorofa. Akimaliza aliweka kiganja kwenye mzigo, akautikisa mara tatu, akasema, "Kinachocheza hapa, njiani kitaruka." Akifika Sitalike, kabla ya kuingia barabara ya hifadhini, alisimama, akashuka na kuutikisa tena, kwa sababu kamba hulegea gari likishatembea, na abiria walimtania, "Arcade, mzigo umekuomba maji?" naye hakukasirika, alijibu, "Umeniomba tufike wote."

Mama Marta wa Makanyagio yupo hapa na ameniruhusu nimtaje. Mwaka 2016 alileta mabati ishirini yapakiwe kwenye keria, baba akakataa, akamwambia mabati yale ni marefu kuliko paa la gari na upepo utayainua, atafute lori yakalale chini. Mama Marta akamwuliza mbele ya stendi nzima, "Kwani wewe ni dereva au ni nesi? Mabati hayaugui, pakia twende!" Baba akasema, "Hayaugui, mama, lakini yanakata." Mama Marta akaenda na gari la mtu mwingine, na kabla hawajamaliza nyumba za mwisho za mji mabati mawili yaliteleza, yakaangusha mgomba uani kwa watu, mahali ambapo watoto walikuwa wametoka kucheza muda mfupi tu. Kesho yake alirudi stendi kwa baba, naye baba akamfungulia mlango tu.

Tarehe 9 Oktoba 1999 alifunga ndoa na mama yetu Juliana, na Mungu akawajalia watoto wanne, dada yetu Emerensiana aliyezaliwa mwaka 2001, Dorice aliyezaliwa mwaka 2004 na kututangulia kwa malaria mwaka uliofuata, mimi niliyezaliwa mwaka 2008, na mdogo wetu Selestini aliyezaliwa mwaka 2014. Nyumbani alikuwa baba wa maneno machache. Kanisani hakuimba, ila ngoma na spika za kwaya zilipanda gari lake tu, na wanakwaya wanajua kwamba hakuna ngoma iliyowahi kurudi imepasuka.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Machi 2023, siku ya mvua, aliteleza akishuka kutoka kwenye keria akaanguka kwa mgongo, akalazwa siku kumi na moja, na tangu hapo hakuweza tena kuinua mikono juu ya kichwa wala kuendesha safari ndefu bila maumivu. Ndipo nilipoacha shule nikawa nampakilia na kumfungia mizigo, yeye akiwa amesimama chini akinielekeza kwa fimbo, vuta, rudisha, pitisha chini ya chuma. Kila Januari aliniambia mwaka huu utarudi darasani. Nilijifunza mafundo yake yote, na nayasema haya si kwa kujisifu, bali ili mjue kwamba siku ile sikukosa ujuzi.

Tarehe 21 Juni mwaka huu dada Emerensiana aliolewa na shemeji yetu Melkiadi wa Usevya, na wiki moja baadaye, Jumamosi tarehe 28 Juni, tulijiandaa kumpeleka dada na vyombo vyake kwa mume wake. Nilipakia tangu asubuhi. Juu nilifunga magodoro mawili na vikapu, kwenye buti nililaza sanduku la vyombo, masufuria na magunia mawili ya unga, vyote vikaishia chini ya kimo cha kiti, baba akatikisa mara tatu, hakuna kilichocheza. Ndipo bibi Odeta akaletwa na kinu cha babu, kilekile cha mninga, ambacho alikuwa amemwekea mjukuu wake wa kwanza kuolewa.

Katika ukoo wetu kinu cha bi harusi kina taratibu zake, ambazo bibi alizipokea kwa mama yake. Kinu huingia cha mwisho na kutoka cha kwanza, ili kitangulie mlangoni kwa mume, kwa hiyo lazima kikae juu ya vyombo vingine, tena hakiguswi na kamba, kwa maana kinu kilichofika kimefungwa kinafunga chakula cha nyumba ile. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya bluu. Baba alimwambia bibi, "Mama, kisipofungwa hakiingii kwenye gari langu." Bibi akasema, "Gari ni lako, Arcade, lakini kinu ni cha baba yako. Unataka mwanao alale njaa?" Baba akaomba basi kilale chini, miguuni kwa abiria, bibi akasema kinu si kiatu. Akaomba kibaki, akipeleke siku nyingine kwa lori, bibi akaanza kulia, na mama zake wadogo wakamzunguka baba wakimwuliza tangu lini mtu mzima anamliza mama yake siku ya heri. Baba aliitazama kamba mkononi mwangu. Kisha akaniambia, "Iache kamba, Provi. Usimvunjie bibi heshima." Nikaikunja. Kinu kikalazwa juu ya sanduku, kimetokeza juu ya mgongo wa kiti cha nyuma, nikakiona kinajiviringisha kidogo mlango wa buti ulipofungwa, na baba alikiona pia.

Baba mdogo Enoka ndiye aliyeendesha, kwa kuwa mgongo wa baba ulikuwa umechoka na shughuli za harusi. Tulikuwa watu sita, tuliimba mpaka Sitalike, tukasimama, baba akashuka, akafungua buti, akatikisa kila kitu, kinu hakukitikisa. Alikiwekea shuka pande mbili ili kisiviringike, akarudi kukaa. Tukaingia hifadhini. Kama nusu saa hivi baadaye, ngiri na watoto wake walikatiza barabara, baba mdogo akakanyaga breki kama ambavyo dereva yeyote angekanyaga, gari likasimama palepale barabarani, halikupinduka, halikugonga kitu, hakuna kioo kilichopasuka, magodoro juu hayakusogea, na hata ngiri wale walivuka salama. Kitu kimoja tu ndicho kilichotembea. Baba yetu alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, katikati, na kinu kilimpata kisogoni.

Tuligeuza gari, tukamfikisha hospitali Mpanda saa nane mchana, akiwa anapumua lakini hasemi, madaktari wakafanya kila walichoweza, na Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Jana baba mdogo aliniomba niandike kwamba ni ajali ya gari, niishie hapo, kwa sababu bibi yupo na shemeji yetu Melkiadi yupo. Namheshimu baba mdogo, najua kila akifumba macho anaona breki ile. Lakini nilikwenda kumwuliza bibi mwenyewe, naye akaniambia, "Soma yote. Nimezaa mimi, nisikie mimi."

Na asubuhi hii, baba mdogo na shangazi walipokuwa wakibishana kama ni heshima au ni aibu kulifunga jeneza, bibi alitoka ndani akiwa ameshika ile kamba ya bluu, ambayo sikujua aliitoa wapi. Alimpa baba mdogo, akasema, "Anza upande wa kichwa," kisha akarudi kukaa. Kwa hiyo, waombolezaji, mtakapoona marehemu amefungwa kwenye pikapu, msinong'one, bibi, mwenye kinu, ndiye aliyesema. Na naomba jambo moja kwa niaba ya baba, ambaye angeliomba mwenyewe. Tunakwenda Katumba magari manne. Nilipotoka nje kabla ya ibada nimeona masufuria ya msiba yamepangwa juu ya keria ya gari la pili bila kamba, na jiwe la kuweka juu ya kaburi liko kwenye buti la gari la tatu, juu ya viti vya plastiki, nyuma ya kina mama. Mimi sitapanda gari lolote kabla sijayatikisa yote manne, na nyie msipande. Kaburi limechimbwa moja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tatu, nawashukuru majirani wa Misunkumilo kwa kuni, maji na mikeka, madereva na wapakiaji wa stendi ambao tangu Jumatatu hawajaingiza gari barabarani, baba hakuwa na mwajiri, lakini nyie ndio mliokuwa ofisi yake, namshukuru Mama Marta aliyelala na mama yetu, wanakwaya, mchungaji, na ndugu wa Usevya, ambao wamesema kinu kikiletwa watakipokea kikiwa na kamba, na wataifungua wenyewe mlangoni.

Baba, mzigo wako umefika. Pumzika sasa kwa amani, mpaka Bwana atakapotuita.

Nimebakiza jambo moja, ambalo sijalisema hata kwa mama. Jumamosi ile, kabla hatujaondoka, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, katikati, ni mimi. Baba alifungua mlango wa pembeni, akakitazama kinu nyuma ya kichwa changu, akamtazama mama yake aliyesimama barazani akitupungia kwa furaha, akaushika mlango kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mkono mwingine, akaniambia, "Toka hapo, Provi, nenda mbele kwa dada yako. Hapo nitakaa mimi."