Unga wa Paa la Shule

Wazee, shikamooni. Kina mama wenzangu wa jumuiya, asanteni kwa kunipa nafasi. Nikichoka nitakaa, mnivumilie.

Tumbo langu mnalikumbuka. Mjane, mume amezikwa zamani, na tumbo linakua. Nawajua, mlikuwa mnahesabu miezi. Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Wazee wa kanisa wakaniita kuniuliza baba wa mtoto ni nani, nikawaambia hakuna, wakanizuia kushiriki meza ya Bwana. Mwaka ukapita, mtoto hajazaliwa. Ndipo mkasema nimerogwa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani iwe mimba. Mikono ilikuwa inakonda, tumbo limekaza, nikila kidogo tu chakula kinarudi. Zahanati walinipa dawa za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo. Nikafika mahali pa kumwomba Mungu anichukue. Niliomba kwa sauti, binti yangu akasikia. Asubuhi yake akanipandisha basi pale Dongobesh, tukaenda hospitali kubwa.

Wakatoa maji tumboni, karibu ndoo nzima. Wakakata kipande kidogo cha nyama wakakipima. Daktari alikuwa kijana, akaniamkia kwanza, ndipo akasema, "Mama, hii si mimba, na hujarogwa. Ni saratani. Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika utumbo, huo ndio unaumwa. Umewahi kufanya kazi na asbesto, yale mabati ya kijivu yanayofanana na saruji?"

Nikamjibu mimi nalima mahindi na maharage Maretadu, asbesto nitaitoa wapi? Halafu nikakumbuka. Zamani, paa la shule la mabati yale lilipobomolewa, tuliokota vipande, tukavitwanga kwenye kinu, tukachekecha, tukachanganya na udongo na samadi, tukakandika nyumba. Ukuta haukupasuka hata kidogo. Watu walikuja kuusifu, na mimi nikajisikia. Daktari akasema vumbi lile lina vinyuzi, tunavivuta na kuvimeza, vinakaa mwilini miaka mingi bila kuuma.

Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Lakini tangu siku ile nimeacha kujiuliza nimemkosea nani. Niliporudi, mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kuniomba msamaha. Nilimsamehe, ingawa si siku ile.

Sijapona. Dawa za dripu zinapunguza tu, maji yanarudi. Nawashukuru mnaonipalilia shamba, na wewe mzee uliyeniomba msamaha ukanirudisha mezani kwa Bwana. Vipande vile mkiviona, msivunje, msitwange, msifagie vumbi lake. Semeni kwa mwenyekiti wa kijiji.

La mwisho ni zito kwangu. Nilipokuwa natwanga, binti yangu nilimbeba mgongoni. Daktari anasema si kila aliyevuta vumbi lile anaugua, ila yeye awe anapimwa. Yuko pale mlangoni, ananisubiri anishike mkono. Nawaomba, mkipiga magoti leo, anzeni na yeye.