Mtoto Aliye Mgongoni mwa Kavumbi

Wazee wetu, watumishi wa Mungu, wakwe zetu wa Ganda na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, shikamooni na poleni. Naitwa Randu Chengo, mdogo wa marehemu, mimi ndiye niliyemwachisha ziwa, jambo ambalo hakuacha kunilaumu hata nilipoota mvi, na kwa sababu hiyo familia imeona nisome mimi.

Dada yetu Mbeyu Chengo alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 kule Adu, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1967, hesabu akizipata zote na kunyamaza kukimshinda. Mwaka uliofuata alishuka Malindi kwa shangazi yetu akajifunza ushoni, na tangu 1970 akawa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Bwana Taufiq. Wateja wake wengi walikuwa mabibi wa mjini, ambao wakitoka sinema siku ile ya wanawake pekee walipitia kwake wakitaka mikono ya gauni kama waliyoiona, hata ukipita barazani ulijua wiki hiyo imeingia sinema ya wapi.

Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa takatifu na Nahashon Charo wa hapa Ganda, na tarehe 3 Juni 1973 wakajaliwa kifungua mimba, mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake Charo, na dada akaitwa Mama Charo. Alilipenda jina hilo, akiitwa Mbeyu haitiki.

Agosti 1974 wakaja Wazungu hapa Ganda kupiga sinema, wakataka wanawake wa kupita barabarani na mitungi kichwani. Wanawake wakaja, lakini wamevaa magauni ya Krismasi na viatu vya visigino, kwani nani anakwenda kupigwa picha na nguo za shamba? Wazungu wakashika vichwa, wakasema wanaitaka Afrika ya zamani, wakaagiza hando, zile sketi za marinda ambazo wasichana wale walikwisha kuwaachia bibi zao, basi dada akaletewa majora ya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, mama mkwe akamwonyesha namna ya kukunja, akazishona zote. Yeye mwenyewe walimkataa, kwa kuwa nywele zake za afro hazikuingia katika kitambaa chochote. Mtoto walimpenda, wakamfunga mgongoni mwa Kavumbi, rafiki ya dada tangu Adu, akapita naye mbele ya kamera, huku dada kwenye cherehani anampungia mkono asilie.

Tarehe 21 Machi 1975 Charo alifariki kwa surua. Hakuwa na picha hata moja, maana mama mkwe alikuwa na mwiko wake, kwamba mtoto asiyejua kutaja jina lake hapigwi picha, na sinema hakufikiria kwamba nayo ni picha. Emily alipozaliwa, tarehe 10 Oktoba 1976, mama mkwe, kwa huruma wala si kwa ubaya, akasema jina la mtoto aliyetangulia lisitajwe tena, dada aitwe Mama Emily ili jeraha lipone. Sote tukatii. Halikupona.

Mwaka 1977 sinema ile ikafika Malindi, na Ganda nzima ikashuka mjini. Charo alipotokea ukumbi ulipiga vigelegele, watu wakisema Kavumbi huyo na mwanawe, na dada, aliyekatazwa kulitaja jina, alikuwa amempakata Emily. Alirudi kila siku hadi filamu ikaondoka, na baada ya hapo hakuwa na pa kumwona mwanawe. Alijaliwa tena Cynthia mwaka 1979 na Chengo mwaka 1983, akafundisha ushoni mabinti wengi mlio hapa, akamzika mumewe mwaka 2004 kwa heshima zote, na miaka yote hiyo lililomkereketa lilikuwa moja, kwamba mwanawe wa kwanza alijulikana kwa watu kuwa wa mwingine, na yeye hana ruhusa ya kuitwa kwa jina lake.

Agosti 2019 Emily aliipata sinema ile mtandaoni, tukakusanyika sebuleni kwake Kilifi. Wajukuu walistaajabu, kumbe zamani mlivaa hivi, na mmoja aliye chuo kikuu akataka kuiandikia insha, dada akacheka akamwambia zamani hiyo niliishona mimi kwa cherehani, ukitaka ya kweli tazama pembeni. Na kweli, pembeni anakatiza kijana wa suruali ya bugaluu na kitana nyweleni, anaelekea mjini na mambo yake, na kijana huyo ni mimi. Halafu akapita Charo. Dada aliomba arudishwe, akarudishwa tena na tena hata chai ikapoa, na Emily, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, akamwona kaka yake kwa mara ya kwanza. Kavumbi, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, alikuja kuomba radhi kwa vigelegele alivyovipokea, na dada akamjibu kwamba hana kinyongo, kwani mtoto alilala mgongoni pake bila kulia.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2020, mwaka jana ukafika kwenye figo. Wiki moja kabla ya kutuacha nilikuwa kitandani pake nikimsomea maneno haya ayasahihishe, nikafika mahali pa watoto watatu, akanishika mkono. "Randu, siku yangu usiwasomee watatu. Wasomee wanne."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, hospitalini Malindi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa upole, majirani wa Ganda waliompikia uji, mafundi wenzake waliozima cherehani zao leo, na wewe Kavumbi kwa kumbeba.

Nasoma basi kama alivyotaka. Marehemu alijaliwa watoto wanne, Charo, Emily, Cynthia na Chengo, na wajukuu saba, na kaburi lake limechimbwa kando ya lile dogo la mwaka sabini na tano.

Pumzika kwa amani, Mama Charo.